Wasifu: Johaar Mosaval, mcheza baleti aliyenyimwa jukwaa la nyumbani

Mwezi Juni mwaka 1953, mbele ya Malkia Elizabeth wa Pili na wageni wake mashuhuri, kijana Mwislamu kutoka Cape Town alicheza peke yake kwenye jukwaa la jumba la opera la Covent Garden, London. Ilipita miaka 24 kabla ya kijana huyo kupata nafasi ya kucheza katika jumba la opera la mji aliozaliwa.

Katika uwanja wa Nelson Mandela uliopo Sandton, kaskazini mwa jiji la Johannesburg, imesimama sanamu ya shaba ya rais wa kwanza mweusi wa Afrika Kusini. Sanamu hiyo, yenye kimo cha mita sita, ilizinduliwa mwezi Machi mwaka 2004.

Wachongaji hawakumwonyesha Mzee Mandela akihutubia wala akiwa amenyanyua ngumi. Walimwonyesha viwiko vikiwa vimekunjwa, mwili ukifuata mwendo wa dansi yake iliyojulikana dunia nzima.

Ngoma na siasa nchini Afrika Kusini havikuwahi kukaa mbalimbali. Lakini ipo aina moja ya dansi ambayo kwa miongo mingi ilihesabiwa kuwa mali ya Wazungu peke yao, nayo ni baleti. Mtu aliyeuvunja ukuta huo mapema kuliko wengi alikuwa Johaar Mosaval.

Sanaa ya kifalme

Baleti ilianza katika majumba ya watawala wa Italia yapata miaka 500 iliyopita, ikahamia Ufaransa, na huko ikapata kanuni zake. Mfalme Louis wa 14, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji hodari, aliunda chuo cha kifalme cha dansi mwaka 1661. Ndiyo maana hadi leo mwalimu wa baleti, awe Moscow, Havana au Nairobi, hutaja hatua kwa majina ya Kifaransa.

Msingi wake ni mikao mitano ya miguu, yote ikimtaka mchezaji ageuze mapaja yake kutoka kwenye nyonga ili vidole vya miguu vielekee nje. Mwili hauzaliwi na uwezo huo. Hujengwa polepole, na kwa sababu hiyo watoto wengi huanza mafunzo wakiwa na umri wa miaka minane au chini ya hapo, kabla mifupa haijakomaa.

Mchezaji wa kiume ana kazi mbili. Ya kwanza ni kumnyanyua na kumtegemeza mwenzake wa kike. Ya pili ni kuruka, kuzunguka hewani na kutua bila kishindo, kana kwamba ardhi haina uzito juu yake.

Mtoto wa District Six

Johaar Mosaval alizaliwa tarehe 8 Januari mwaka 1928 katika mtaa wa District Six mjini Cape Town, kifungua mimba katika familia kubwa ya Kiislamu.

Familia hiyo ilikuwa ya jamii ijulikanayo kama Wamalei wa Cape. Wengi wa jamii hiyo ni wazao wa watumwa na wafungwa wa kisiasa walioletwa na Waholanzi kutoka visiwa ambavyo sasa ni Indonesia, na kutoka sehemu nyingine za pwani ya Bahari ya Hindi.

District Six, chini ya Mlima Meza, ulikuwa mtaa wa mafundi, washonaji, wachuuzi, mabaharia na wanamuziki. Misikiti, makanisa na masinagogi yalikuwa jirani. Watu wake hawakuwa na mali nyingi, lakini hawakukosa nyimbo wala sherehe.

Shuleni, Johaar alikuwa mwanasarakasi. Wepesi wake ulimvutia Dulcie Howes, mwanamke aliyeanzisha shule ya baleti ya Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 1934. Alimkaribisha kijana huyo kwenye darasa lake mwaka 1947.

Johaar alikuwa na miaka 19. Katika umri huo wachezaji wengine tayari wanatafuta ajira. Yeye ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kusimama.

Nyumbani nako hakukuwa na furaha kubwa. Kwa familia ya Waislamu washika dini, mtoto wa kiume aliyevaa suruali ya kubana na kurukaruka mbele ya watu hakuwa jambo la kujivunia.

Nyuma ya darasa

Mwaka uliofuata, 1948, chama cha National kilishinda uchaguzi uliowahusu Wazungu karibu peke yao, na siasa ya ubaguzi wa rangi ikawa sera rasmi ya taifa.

Sheria zilifuatana kwa haraka. Mwaka 1950 ilipitishwa sheria ya kumwandikisha kila raia kwa rangi yake, na nyingine ya kugawa maeneo ya makazi kwa misingi hiyo hiyo. Wamalei wa Cape waliingizwa katika kundi lililoitwa machotara.

Darasa la Bi Howes halikuwa mbali na upepo huo. Kuwepo kwa kijana asiye Mzungu miongoni mwa wanafunzi Wazungu lilikuwa jambo zito. Bw Mosaval alisimulia baadaye kwamba alitakiwa kusimama nyuma ya darasa na kubaki huko.

Alibaki huko, na akajifunza.

Bahati yake ilifika pamoja na wageni wawili kutoka Uingereza: Anton Dolin na Alicia Markova, waliokuwa miongoni mwa wachezaji maarufu kuliko wote wa zama zao. Walipozuru Cape Town walimwona akicheza, wakatambua kipaji chake, na kumsaidia kupata nafasi katika shule ya Sadler's Wells, London.

Nauli na gharama zilihitaji watu wa kuzibeba. Waislamu wa Cape Town walikuwa miongoni mwa waliochanga. Jamii iliyokuwa na mashaka na kazi yake ndiyo iliyomsaidia kupanda meli.

Ngoma ya Kiingereza, miguu ya Cape

Bw Mosaval alifika London mwaka 1950. Mji ulikuwa bado na magofu ya vita, na chakula kilikuwa kikigawiwa kwa vibali. Lakini hapakuwa na sheria ya kumzuia kusimama mstari wa mbele.

Muda si mrefu alichukuliwa na kundi dogo la Sadler's Wells, moja ya makundi mawili yaliyokuwa chini ya Ninette de Valois, mama wa baleti ya Uingereza. Mwaka 1956 makundi hayo yalipewa hati ya kifalme na kuitwa Royal Ballet.

Tukio lililomtangaza lilikuja tarehe 8 Juni mwaka 1953, siku sita baada ya Malkia Elizabeth kutawazwa. Covent Garden ilizindua Gloriana, opera mpya ya Benjamin Britten iliyotungwa kwa ajili ya sherehe hizo. Miongoni mwa wachezaji wake alikuwa Johaar Mosaval, aliyepewa sehemu ya kucheza peke yake ngoma ya kale ya vijijini Uingereza.

Aliyezipanga ngoma za opera hiyo alikuwa John Cranko, mzaliwa wa Rustenburg, magharibi ya Johannesburg. Yeye pia alikuwa amepitia shule ya Dulcie Howes.

Hivyo ngoma ya Kiingereza, iliyochezwa mbele ya Malkia wa Uingereza, ilipangwa na kuchezwa na vijana wawili wa Afrika Kusini. Mmoja kati yao aliweza kurudi kwao na kufanya kazi popote. Mwingine hakuweza.

Mchekeshaji mwenye mabawa

Katika baleti ya zamani, kimo cha mtu huamua sehemu kubwa ya riziki yake. Mwanamume mrefu hupewa nafasi ya mwana wa mfalme. Bw Mosaval alikuwa mfupi, mwembamba na mwenye kasi, na hakupangiwa kuwa mwana wa mfalme.

Alijijengea jina katika nafasi zinazotaka wepesi, ucheshi na huzuni kwa pamoja, na hizo si rahisi hata kidogo. Mwana wa mfalme anaweza kupendwa kwa sura yake tu. Mchekeshaji hana budi kupendwa kwa kila hatua anayopiga.

Alicheza nafasi ya Jasper, mtumishi wa baa anayempenda msichana asiyemjali, katika Pineapple Poll, baleti ya Cranko ya mwaka 1951. Alicheza pia nafasi ya Bootface, mmoja wa wachekeshaji wawili maskini katika The Lady and the Fool, nayo kazi ya Cranko.

Katika The Dream, iliyotungwa na Frederick Ashton mwaka 1964 kutokana na mchezo wa Shakespeare, alikuwa Puck, yule jini mdogo mtundu anayewachanganya wapendanao msituni.

Alicheza vilevile nafasi ya Ndege wa Buluu katika hadithi ya mrembo aliyelala, mojawapo ya mitihani mikali kwa mwanamume katika baleti. Mchezaji huvuka jukwaa akiruka mfululizo, miguu ikigongana hewani mbele na nyuma, huku mikono ikipiga kama mabawa. Pumzi ikimwishia katikati, kila mtu ukumbini ataona.

Mwaka 1956 alipandishwa kuwa mchezaji wa nafasi za pekee. Katika miaka ya 1960 alifikia ngazi ya mchezaji mkuu, na anatajwa kuwa mtu wa kwanza asiye Mzungu kutoka Afrika Kusini kufika ngazi hiyo katika Royal Ballet. Aliishi zama za Margot Fonteyn na Rudolf Nureyev, na alizunguka nchi nyingi duniani pamoja na kundi hilo.

Ziara aliyoachwa

Nchi moja hakwenda. Mwaka 1960 kundi la ziara la Royal Ballet lilialikwa Afrika Kusini. Ilieleweka kwamba utawala wa huko usingekubali mchezaji wa rangi yake acheze bega kwa bega na Wazungu mbele ya watazamaji Wazungu.

Kundi liliamua kwenda, na likamwacha London.

Uamuzi huo ulizua mjadala hadi katika bunge la Uingereza. Waliolaumu walisema kundi lenye jina la kifalme lilikuwa limekubali kuchagua wachezaji wake kwa kufuata sheria za ubaguzi za nchi nyingine. Ziara iliendelea hata hivyo.

Mwaka huo huo, tarehe 21 Machi, polisi waliwaua watu 69 waliokuwa wakipinga sheria ya vitambulisho huko Sharpeville, kusini mwa Johannesburg. Baada ya hapo miito ya kuisusia Afrika Kusini katika michezo na sanaa iliongezeka mwaka hadi mwaka.

Kisa cha 1960 kinafaa kukumbukwa kwa sababu kinaonyesha jinsi ubaguzi ulivyofanya kazi. Haukuhitaji askari mlangoni mwa jumba la opera. Ulihitaji orodha ya wasafiri yenye jina moja pungufu, na watu waungwana waliokubali kuitia sahihi.

Wakati huohuo, mtaa aliozaliwa ulikuwa ukifutwa. Tarehe 11 Februari mwaka 1966 serikali iliutangaza District Six kuwa eneo la Wazungu. Watu zaidi ya 60,000 waliondolewa katika miaka iliyofuata na kupelekwa kwenye nyanda zenye upepo nje ya mji. Nyumba zao zilibomolewa kwa tingatinga.

Kurudi nyumbani

Bw Mosaval aliondoka Royal Ballet katikati ya miaka ya 1970, baada ya takriban robo karne, akarejea Cape Town. Angeweza kubaki Ulaya akifundisha kwa heshima na mshahara mzuri.

Mwaka 1977 alicheza nafasi kuu ya Petrushka katika jumba la Nico Malan, akiwa mchezaji wa kwanza asiye Mzungu kufanya hivyo kwenye jukwaa hilo. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1971 kwa ajili ya Wazungu peke yao, na watazamaji wa rangi nyingine waliruhusiwa kuanzia mwaka 1975. Tangu mwaka 2001 linaitwa Artscape.

Petrushka ni baleti ya muziki wa Igor Stravinsky iliyochezwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1911. Inasimulia habari za mwanasesere mwenye moyo wa binadamu, anayefungiwa chumbani na bwana wake na kutolewa tu pale umati unapotaka kuburudika. Watazamaji wa Cape Town hawakuhitaji kufafanuliwa.

Aliajiriwa na serikali kuwa mkaguzi wa mafunzo ya baleti, mtu wa kwanza wa jamii yake kushika kazi hiyo. Alipobaini kwamba alitakiwa kuwahudumia watoto wa kundi moja la rangi tu, alijiuzulu.

Alifungua shule yake mwenyewe na kupokea watoto wa rangi zote. Wakuu wa serikali waliifunga kwa sababu hiyo hiyo. Mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya darasa kwa sababu ya rangi sasa alikatazwa kuwa na darasa lisilo na nyuma.

Hakuacha kufundisha. Vizazi vya wachezaji wa Cape Town vilipita mikononi mwake, naye aliendelea kuwapa vijana mawaidha hata alipokuwa mzee.

Heshima ya taifa ilikuja ikiwa imechelewa. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 91, alitunukiwa nishani ya Ikhamanga ya daraja la dhahabu, ambayo Afrika Kusini huwapa waliong'ara katika sanaa, utamaduni na michezo. Alifariki dunia tarehe 16 Agosti mwaka 2023, akiwa na miaka 95.

Sandton na Alexandra

Je, mlango alioubisha umefunguka? Jibu linaweza kutafutwa Sandton.

Mji huo, ambao jina lake linatokana na vitongoji vya Sandown na Bryanston, ulipewa manispaa yake mwaka 1969, wakati ubaguzi ulipokuwa umeshamiri. Leo ni kitovu cha fedha cha Afrika Kusini. Soko la hisa la Johannesburg lilihamia huko mwaka 2000.

Mashariki yake, ng'ambo ya barabara kuu, ipo Alexandra, iliyoanzishwa mwaka 1912. Ni moja ya sehemu chache ambako watu weusi waliweza kumiliki ardhi kabla ya sheria ya mwaka 1913 kuwanyima haki hiyo. Mtu akisimama kwenye vibanda vya Alexandra huyaona maghorofa ya vioo ya Sandton.

Kundi la baleti la jimbo la Transvaal liliundwa mwaka 1963, na kwa miongo kadhaa lilikuwa la Wazungu na kwa ajili ya Wazungu. Lilivunjika baada ya jumba la State Theatre la Pretoria kusimamisha shughuli zake mwaka 2000. Wachezaji waliobaki bila kazi walianzisha kundi jipya mwaka 2001, na baada ya kuungana na kundi jingine mwaka 2012, tangu mwaka 2013 limeitwa Joburg Ballet.

Shule ya kundi hilo imekuwa ikifundisha watoto Braamfontein, Soweto na pia Alexandra. Kutoka Soweto alitokea Andile Ndlovu, aliyejiunga na kundi la Washington nchini Marekani. Huko huko Soweto alizaliwa Dada Masilo, aliyeitunga upya hadithi ya ziwa la mabata-maji mwaka 2010, akiichanganya baleti na ngoma za Kiafrika huku wachezaji wakiwa miguu mitupu. Alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 39 tu.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana mifano ya karibu zaidi. Mtaani Kibera, Nairobi, mwalimu Mike Wamaya amewafundisha watoto baleti katika madarasa yanayosogezwa madawati kwanza ili kupata nafasi. Mkenya Joel Kioko alitoka Nairobi mwaka 2017 kwenda kusoma katika shule ya English National Ballet, London.

Hakuna sheria tena inayomzuia mtoto wa Alexandra kuvuka barabara. Kinachobaki ni nauli, viatu na ada, navyo si vidogo. Baleti bado ni sanaa ghali, na mtoto anayeanza akiwa na miaka 19 kwa kukosa fedha hupata hasara ile ile aliyoipata Johaar Mosaval kwa sababu ya rangi yake.

Tofauti ni kwamba mtoto huyo akiuliza kama yupo mtu wa kwao aliyewahi kufika, sasa lipo jina la kumtajia.

Johaar Mosaval kwa ufupi

1928: Azaliwa District Six, Cape Town
1947: Aanza mafunzo kwa Dulcie Howes
1950: Aelekea London
1953: Acheza katika Gloriana mbele ya Malkia
1956: Apandishwa kuwa mchezaji wa nafasi za pekee
1960: Aachwa katika ziara ya Afrika Kusini
1977: Acheza Petrushka, jumba la Nico Malan
2019: Atunukiwa nishani ya Ikhamanga
2023: Afariki dunia akiwa na miaka 95